Unga chini ya lokole

Harufu ya vanishi hunipandisha hasira kabla sijajua nimkasirikie nani. Jumamosi iliyopita ilinipokea mlangoni, pale Makiso, kwenye chumba ambamo kikundi cha kuhifadhi historia ya mji wetu kimehamishia vitu vyake. Nilikuwa nimeitwa kwa heshima zote. Katibu wao mpya, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameniandikia kwenye simu kwamba wametundika ukutani picha za waanzilishi, ya baba yangu ikiwa ya pili kutoka kushoto, na wanaomba mtoto wake aandike maneno machache ya kuwekwa chini yake. "Kumbukumbu moja muzuri ya utoto, mama, kitu ya kugusa moyo," aliniandikia. Nilisimama kizingitini nikavuta pumzi, na ile harufu ikanirudisha ng'ambo ya mto, Lubunga, uani kwetu, nikiwa na miaka minane na ufagio mkononi. Kumbukumbu ninayo. Kama inafaa kutundikwa ukutani, wataamua wenyewe.

Kwetu kulikuwa na nyumba ya matofali mbele, chumba cha pembeni alichokijenga baba kwa ajili ya wageni ambao hawakuja, na nyuma kabisa jiko la mbao lenye mabati ya kutu. Huko jikoni ndiko alikokaa babu yangu, baba yake mama, ambaye sote tulimwita Koko. Alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, aliyevua samaki na kupiga kasia mpaka magoti yakamkatalia, ndipo mama akamleta akae nasi. Alikuja na vitu vitatu tu: wavu ambao hakuutumia tena, mkebe wa poda, na lokole yake.

Kwa asiyeijua, lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mmoja mrefu, likaachiwa midomo miwili. Mdomo mmoja una sauti nzito, wa pili una sauti nyembamba, na kwa sauti hizo mbili watu wa mto huweza kumwita mtu, kumtania, kumwambia arudi kula. Ile ya Koko haikuwa ya mti mwekundu kama zile za machifu. Baba yake aliichonga kwa mti mweupe, laini, kwa sababu ndio alioupata. Ilikaa juu ya matofali mawili, hatua moja kutoka motoni, chini ya waya ambao mama alitundikia samaki, na ilikuwa nyeusi, yenye mafuta na masizi, mbaya kabisa kuitazama. Shangazi yangu mmoja kutoka Kindu aliwahi kuitua sufuria juu yake akidhani ni gogo la kuni. Koko hakumsemesha siku mbili.

Jioni, mitumbwi ilipokuwa ikirudi kutoka Makiso, Koko aliivuta lokole mpaka mlangoni pa jiko, akachukua fimbo zake mbili zenye raba kichwani, akaanza kuita watu. Hakuwaita kwa majina ya ubatizo. Kwenye lokole kila mtu ana jina jingine, refu, lenye kipande chake mwenyewe, kipande cha baba yake na kipande cha kijiji cha mama yake. La Koko, ukiligeuza kuwa maneno, lilikuwa hivi: Kasia refu lisilogusa mchanga, mtoto wa Aliyekula wa mwisho, mama yake wa mawe mekundu. Mimi alinipa la kwangu nikiwa bado sijaanza shule: Mdogo anayeuliza mpaka moto unazimika. Ningeweza kuwa kisimani na wenzangu, katikati ya ugomvi mtamu kabisa, na nikilisikia jina hilo nilikuwa naacha ndoo na kukimbia. Sijawahi tena kuitwa na mtu yeyote kwa namna iliyonifanya nikimbie hivyo.

Jina la lokole lina kazi moja ya mwisho. Mtu akifa, hupigwa mara ya mwisho kuelekea mtoni, ili ndugu wa vijiji vya mtoni huko chini wajue ni nani aliyeondoka, na waliotangulia wajue ni nani anayekuja. Koko alizungumza habari hiyo kama wazee wengine wanavyozungumza habari ya nguo ya kuzikiwa. "Batu ya zamani hawanijui na jina ya kanisa," alikuwa akiniambia, akiipapasa ile lokole. "Bananijua na hii tu."

Baba alikuwa mtu wa Maniema, karani wa serikali, suruali yake ina mstari hata siku ya mvua. Kila asubuhi alivuka mto kwenda ofisini na karatasi zake zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alipenda karatasi kuliko chakula. Mabomu yalipouangukia mji, kabati letu liliungua na kila kilichokuwamo, na humo ndimo ilimokuwa picha ya pekee ya mama yake. Hakuwa na nyingine, na baada ya muda alikiri kwamba hata sura yake imeanza kumpotea. Ndipo akakutana na Tonton Fidele, mwalimu aliyekaa nyuma yetu, na watu wengine wachache wenye kidonda kama hicho, wakaanzisha kikundi. Jumamosi walizunguka na redio ya kaseti wakirekodi wazee, wakaandika majina ya zamani ya barabara, wakaomba vitu ambavyo watu walikuwa karibu kuvitupa: taa ya reli kutoka Ubundu, pasi ya makaa, kengele ya shule iliyopasuka. Vyote viliwekwa katika kile chumba chetu cha pembeni, kila kimoja na kikaratasi chake. Walifanya kwa mapenzi. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Wangekuwa wezi nisingepata taabu ya kuwachukia.

Siku waliyokuja kuomba lokole, baba aliketi jikoni kwenye kibao cha mama, magoti yakimgusa kidevu, na Tonton Fidele akasimama mlangoni, leso puani kwa sababu ya moshi.

"Bokilo," baba alianza, kwani ndivyo wakwe wanavyoitana kwetu. "Tunakuya kuomba lokole. Haiko kuikamata, hapana. Ni kuichunga tu. Siku moja moto itaruka, itaungua yote, na batoto hawatajua kitu."

Koko akasogeza kuni. "Iko karibu na moto tangu baba yangu. Bado haijaungua."

"Bon, Koko, lakini angalia vile inakuwa chafu," Tonton Fidele akasema. "Hii masizi itaiharibu."

"Iko nakula moshi," Koko akajibu. "Hiyo njo chakula yake. Mukiitoa hapa, muipelekee moshi kule."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu niliiona lokole akilini mwangu imekaa mezani na kijiko. Baba alimwambia mama baadaye kwamba mzee anasema mambo ya wazee. Lakini aliyasema, na kila mtu aliyasikia, hata mimi niliyekuwa nimechuchumaa kando ya kapu la pondu, majani ya muhogo.

Mwishowe Koko alikubali. Nadhani alikubali kwa ajili ya mama, na kwa sababu alikuwa akila wali wa mkwewe na hilo halikumpendeza. Alitoa sharti moja. "Siku ntakufa, inatoka. Mudogo yangu atakuya kunipigia. Kisha mutaifanya vile munataka." Baba akatoa karatasi papo hapo, akaliandika sharti lile kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Koko akaweka dole gumba.

Waliiosha Jumamosi iliyofuata, uani, kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Maji meusi yalitiririka mpaka kwenye mpapai. Tonton Fidele akaisugua kwa msasa, na chini ya ule weusi ukatoka mti mweupe ambao hakuna aliyewahi kuuona, kisha akaipaka vanishi mara mbili. Iling'aa mpaka nikajiona ndani yake, uso umevutika, meno makubwa. Nilipiga makofi. Niliwaita wenzangu waje waone kupitia ua. Koko alikuwa jikoni, amefunga mlango, na jua lilikuwa kali.

Baada ya wiki mbili alitaka kuiona. Alivuka ua polepole na fimbo yake, akafika kwenye chumba cha pembeni, akamkuta Tonton Fidele mlangoni na daftari. Ilikuwa kanuni ya kikundi, na baba ndiye aliyeitunga: kila mgeni avue viatu, aandike jina lake, na aandike sababu ya kuja.

"Sababu?" Koko aliuliza. Aliitazama ile kalamu aliyonyooshewa. "Ntaandika nini? Kama ninakuya kuisalimia?"

"Utaratibu tu, Koko, haiko ubaya," Tonton Fidele akasema.

Koko akageuka, akarudi jikoni, na hakukanyaga tena mlango ule. Mimi nikawa macho yake. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufagia nyumba nzima, chumba cha pembeni kikiwamo, na nikimaliza nilipitia jikoni kutoa habari.

"Lokole iko muzima?"

"Iko muzima, Koko. Iko nang'aa."

"Haiko na ugonjwa?"

"Hapana, Koko."

Sasa nifike kwenye unga. Haikupita miezi mingi nikaanza kuukuta chini ya lokole, kirundo kidogo cha unga laini, wa rangi ya maziwa, kama umepitishwa kwenye chekeche. Koko, kila alipomaliza kuoga, alijipaka poda shingoni na kifuani, na pale aliposimama palibaki doa jeupe sakafuni. Basi mimi, kwa akili zangu za miaka minane, nikapata jibu. Walikuwa wameiogesha lokole. Sasa wanaipaka poda, kama mzee yeyote aliyeoga. Niliona ni adabu nzuri ya kikundi. Baba alikuwa ameniambia hataki kuona vumbi katika chumba cha makumbusho, kwa hiyo niliufagia wote, nikapiga magoti, nikaufuata hata kwenye nyufa za sakafu. Wiki iliyofuata ulikuwa mwingi zaidi, nami nikafikiri wanazidi kuipenda.

Niliuliza mara moja. Tonton Fidele alikuwa akibandika vikaratasi, hakugeuza kichwa. "Ni vumbi ya plafond, fagia tu," alisema, akionyesha dari kwa kidole. Sikumwamini. Nilidhani ananificha mambo ya poda kama watu wazima wanavyoficha mambo mengi.

Mvua zilipoanza, kifua cha Koko kikambana. Mama alimtandikia kitanda hukohuko jikoni, karibu na moto, kwa sababu alikataa kulala mahali pengine. Jumamosi moja nilimkuta amekaa, blanketi mabegani, akaniuliza swali lake lilelile. Nilikuwa nimechoka na jibu lilelile, na nilitaka kumpa kitu cha kumfurahisha.

"Iko muzima sana, Koko. Hata poda banaipaka. Mingi! Kila Jumamosi ninafagia, na mposo ingine inarudi."

"Poda gani?"

Nikakimbia chumba cha pembeni, nikazoa kidogo kiganjani, nikamletea. Alikitia kidole, akausugua ule unga kwa dole gumba, akaunusa. Kisha akatazama moto. Mimi nilisimama nikisubiri acheke.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu banaipaka verni, Koko. Haikukawia."

"Na weye ulikuwa unafagia?"

"Yote, Koko. Haibaki hata kidogo."

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita baba aje aone. Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii. Labda alijua kwamba hakuna cha kuokoa tena, wadudu wa mbao, ambao moshi ulikuwa ukiwafukuza, wamekwisha kula walichokuja kula. Labda alijua kibao cha kwanza kingeangukia shavu langu. Alijifuta kidole kwenye blanketi, akaniwekea mkono kichwani.

"Ulifagia muzuri," alisema.

Nikatoka nikirukaruka.

Koko hakumaliza mwezi. Mdogo wake alikuja kwa mtumbwi kutoka Yanonge, mzee mfupi, mkavu, na fimbo zake mwenyewe zimefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa asubuhi, ua umejaa watu, na baba alikuwa amevaa suti. Siwezi kusema hakutimiza ahadi. Alikuwa na ile karatasi mfukoni, akafungua chumba kwa ufunguo wake mbele ya wote, na wanaume wawili wakaibeba lokole nje. Nilimsikia mmoja wao akimnong'oneza mwenzake, "Mbona iko mwepesi hivi?"

Wakaielekeza mtoni. Yule mzee aliipitishia kiganja juu ya vanishi. Akapiga mdomo wa sauti nyembamba. Ilitoka sauti ya mtu anayegonga katoni. Watu wakatazamana. Akapiga mdomo wa sauti nzito, kwa nguvu zaidi, na fimbo ikazama ndani mpaka kwenye vidole vyake. Alipoichomoa, unga ulimwagika kama gunia lililopasuliwa, ukaangukia viatu vya baba alivyovipiga rangi asubuhi ile. Nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Nikautazama ule unga, nikaelewa mara moja nilichokuwa nikikifagia kila Jumamosi, na hakuna aliyenitazama.

Mtu akaleta bidon, dumu la plastiki la kuchotea maji. Yule mzee alijaribu, alipiga mara nne au tano, akaacha. Bidon ina sauti moja. Kwa sauti moja jina la Koko lilikuwa jina la yeyote, halikuwa jina. Akazifunga fimbo zake kwenye kitambaa.

"Siwezi kumutuma na jina ya mutu mwingine," alisema, akaenda kukaa peke yake.

Koko akazikwa kwa jina la kanisa, ambalo katekista alilisoma kwenye karatasi aliyoiandika baba. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Mama hakulia mpaka waliporudi kutoka makaburini. Ndipo akamwendea baba, ambaye alikuwa bado amesimama uani na ufunguo mkononi. "Alikuambia moshi," alisema. Baba akaanza, "Mimi nilizani..." na mama akamkata: "Alikuambia moshi, na ulicheka." Hakulisema tena maisha yake yote, wala hakuhitaji. Toka siku ile baba hakulalamika hata mara moja kwamba jiko linatoa moshi, hata siku ambazo ulitutoa machozi sote.

Aliiziba lokole kwa gundi na unga wa mbao, akaipaka vanishi upya, akaligeuzia tundu ukutani, akairudisha mahali pake. Kikaratasi chake kilisema: Lokole. Mti. Tafadhali usiguse. Hakikumtaja Koko. Jina langu nalo lilikwenda. Nalijua kwa maneno, nimewaandikieni hapa, lakini jinsi sauti zilivyopanda na kushuka sikumbuki tena, na yule mzee wa Yanonge alikufa kabla sijapata akili ya kumuuliza. Baba naye alikufa akiamini kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Nilimwachia. Lilikuwa lake, lakini ufagio nilikuwa nao mimi, na sikuwahi kumwambia. Wala mama sikuwahi kumwambia.

Basi, Jumamosi iliyopita. Katibu alinitembeza chumba kizima kwa furaha. Lokole ipo, inang'aa, tundu limetazama ukuta. Pembeni yake kuna kiti kidogo cha miguu mitatu ambacho familia moja ya Bafwasende imekileta juzijuzi, cha babu yao. Kimeoshwa. Kimesuguliwa kwa msasa. Kimepakwa vanishi, na ndicho kilichokuwa kikinuka tangu mlangoni. Niliinama. Chini ya mguu mmoja kulikuwa na kirundo cha unga, hakizidi kucha ya dole gumba.

Katibu aliona ninachotazama akaona haya. "Pardon, mama. Ni vumbi tu ya plafond," alisema, akaenda haraka kuchukua ufagio nyuma ya mlango.

Nilimshika mkono.

"Usifagie."

"Lakini, mama, bageni bako nakuya..."

"Acha bakuye. Acha baone. Na uite bale benye kiti, leo, baambie bairudishe jikoni kwao."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa. Sikumlaumu, hakuwa ametenda baya lolote, alitaka tu chumba kiwe safi. Nikamwomba kalamu. Aliniletea kadi nzuri nyeupe iliyokatwa tayari kwa kipimo cha picha ya baba, nami nikaandika palepale, nimesimama: Aliambiwa moshi, akacheka. Mimi nilifagia.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaivaa tena, akauliza kwa upole kama sina kumbukumbu nyingine, yenye kugusa moyo kidogo. Nikamwambia sina.